Nilidhani Gari la Bluu ni Jerono

Nichekeni tu, hata mimi nimejicheka. Mjukuu wangu wa kike, Jerono, alipotoka hapa Eldoret kwenda kazi Mombasa, aliniachia ule mchezo wa magari yanayocheza mpira kwenye televisheni. Alinifundisha mimi nyanya yake, “Kogo, usikimbilie mpira kila saa. Mmoja ashambulie, mwingine abaki golini. Tutacheza pamoja kwa mtandao nikiwa huko.”

Basi kila jioni gari la bluu lilikuja upande wangu. Nami nilikaa golini nikiliongelesha kwa maiki. Nililiambia ng'ombe wangu Rosi amezaa, Wanjiru wa duka amehamia Turbo, na nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike mume wangu Kiprono. Nikalikanya hata juu ya wanaume! Halikujibu, lakini liliruka. Nikajua ananisikia, maana Jerono ni mtoto wa kunyamaza.

Jana simu ikalia katikati ya mchezo.

“Kogo, ni Jerono. Nisamehe, kazi imenibana, sijacheza hata siku moja.”

Nikaligeukia gari la bluu. “Sasa wewe ni nani?”

Sauti nzito ya mwanamume ikatoka kwenye televisheni. “Ni Otieno, Mama, wa Chepsaita. Huyo ndama wa Rosi mlimpa jina gani?”