Kiwanja cha Pembeni mwa Wadi

Ghaniya alizaliwa Unguja, akafika Ibra, mji wa Omani, akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya sabini, yeye na mama yake Bi Rahila. Baba alikwishakufa. Jamaa wa upande wa baba waliwapa chakula na nyumba ya kuazima, lakini kwa muda mrefu waliwaita watu wa Zinjibar, na Kiarabu chao kikachekwa. Kwa hivyo siku ami yake Marhun alipompa mama kiwanja chake mwenyewe, nyuma ya mitende, pembeni mwa wadi, lile bonde kavu linalopitisha maji ya mvua, Bi Rahila alilia. Aliona sasa wamehesabiwa kuwa watu wa nyumbani.

Wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, Ghaniya alikuwa akichora ramani katika ofisi ya wahandisi waliokuwa wakisanifu barabara ya mji, itakayoivuka wadi ile. Kompyuta ilikuwa imeletwa karibuni, na yeye ndiye aliyefundishwa kuitumia. Alifuata migongo ya majabali kwenye ramani, ajue mvua ikinyesha wapi maji yake yatateremkia wadi ile. Akapima ukubwa wa eneo lote, na mteremko wake, na ardhi yake ilivyo, maana jabali tupu halinywi kitu na changarawe hunywa kidogo tu. Kisha akaingiza mvua kubwa, ile inayokadiriwa kunyesha mara moja katika miaka hamsini, na programu ikampa wingi wa maji na kimo chake.

Asubuhi moja alikaa kuchora mpaka wa maji hayo kwenye ramani ya mji. Mstari ukapita nyuma ya mitende, ukakimeza kiwanja cha mama.

Akarudia hesabu, akidhani amekosea mteremko. Akapunguza mvua. Maji yakashuka kidogo, kiwanja kikabaki ndani.

"Mama, tusijenge pale," alisema aliporudi nyumbani, akaeleza kwa nini.

Bi Rahila alikuwa akichagua mchele. "Hayo maji yatakuja lini?"

"Sijui. Pengine mwakani. Pengine sote tushakufa."

"Basi wataka nimrejeshee shemegi yangu zawadi yake, kwa maji ambayo wewe mwenyewe huyajui?"

Ghaniya akaketi, akamsaidia kuchagua. Lakini Ijumaa alikwenda peke yake kwa ami Marhun. Akambusu kichwa, akapewa kahawa, akaeleza kwa Kiarabu, maneno mengine yakimpotea njiani.

Mzee aliweka kikombe chini. "Nimezaliwa hapa. Sijaona maji yakafika pale."

"Najua, ami. Na mimi nimekadiria tu. Lakini yakija, mama hawezi kukimbia, na magoti yake yale."

"Mnakikataa kwa kuwa kimetoka kwangu?"

"La, ami. Nimekuja kukuomba kingine."

Marhun alimtazama. Hakuna mtu wa nyumba ile ya kuazima aliyewahi kumwomba kitu. Walikuwa wakipokea tu na kushukuru. Hakusema ndiyo wala hapana, na wiki kadhaa hakuonekana kwao. Bi Rahila akakata tamaa, akawa hasemi na binti yake ila kwa haja.

Kisha siku moja Marhun akaja na gari, akawapandisha juu ya kilima cha mawe, nje kidogo ya mji. "Hapa," alisema. Hapakuwa na mtende hata mmoja. Wakajenga hapo hapo, na Bi Rahila akalalamikia joto mpaka nyumba ilipoezekwa.

Wadi iliteremka mara kadhaa miaka iliyofuata, na haikukifikia kile kiwanja. Kila mara Ghaniya alikwenda kuangalia, asijue ashukuru au aone haya. Lakini Yaarub, mtoto wa Marhun, alipotaka kuoa na kujenga pale, baba yake alimkatalia.

"Kwa nini, baba? Kiwanja si kitupu?"

"Binti wa ndugu yangu amesema pana maji," alijibu mzee. "Tafuta kwengine."