Leonsia na Kulima kwa Kiingereza

Yaani bibi yangu Leonsia nusura aitwe jasusi kwa sababu ya maharage!

Ilikuwa wakati wa vita ya Kagera, hapa hapa Runazi. Bibi alikuwa binti, kamaliza la saba, anakaa kwa kaka yake. Tangu operesheni vijiji nyumba zote zilipangwa kando ya barabara, kwa hiyo malori ya jeshi yakipita mnayaona wote. Redioni wanasema fungueni macho, adui ana watu wake. Basi watu wakawa wanaangaliana kwa jicho la pembeni, hadi majirani.

Sasa bibi kaitwa Biharamulo mjini, usaili wa uuguzi. Kaambiwa kutakuwa na Kiingereza. Na kusafiri siku zile bila barua ya balozi wa nyumba kumi, mgambo wanakurudisha au wanakuweka ndani. Bila hiyo barua, uuguzi basi.

Kiingereza chenyewe kilimtesa sehemu moja. Kuna vitenzi ukishavitaja, kinachofuata unakiwekea “to”. Want, hope, decide. Vingine unaweka “ing”. Enjoy, finish, avoid. Ukiuliza kwa nini, hakuna kwa nini, unakariri tu! Basi bibi akichambua maharage kibarazani anataja kitenzi. Cha “to”, anatupa jekundu kwenye kopo hili. Cha “ing”, la njano kwenye kopo lile. “Hope!” Ko. “Enjoy!” Ko.

Ng'ambo ya barabara kuna Zita, mke wa jirani, anaona kila kitu. Akaenda mbio kwa balozi, Mzee Audax.

“Mzee, yule binti anahesabu malori. Harage jekundu lori la askari, la njano lori la mizigo. Tena anaongea Kiingereza peke yake!”

Balozi akaja, Zita nyuma yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Haya makopo ni ya nini?”

“Najifunza Kiingereza, mzee. Nataka kulima, unasema ‘I want to dig’. Nafurahia kulima, ‘I enjoy digging’.”

“Kulima na kulima. Tofauti iko wapi?”

“Kwa Kiswahili haipo, mzee.”

Zita akadakia, “Umesikia? Jembe moja, shamba moja, halafu kulima kuwe kwa aina mbili! Nani kakufundisha?”

“Kitabu, dada Zita.”

“Kilete tukione.”

“Kilikuwa cha sista. Nimerudisha misheni.”

“Ahaa!”

Mzee Audax akavuta kigoda. “Barua siandiki mpaka nione mwenyewe. Haya, endelea.”

Bibi akaendelea. Mara lori hilo, limejaa askari. Bibi akafunika makopo kwa kanga vumbi lisiingie, akakohoa, akasubiri. Likaja la pili. Vumbi lilipotulia ndipo akafunua. “Finish!” Ko.

“Zita,” mzee akasema, “malori yamepita, hakutupa kitu.”

“Si kwa sababu wewe upo?”

“Na kama angetupa?”

“Ningesema si unaona!”

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Barua akaandika, ila aliandika majina mawili, la bibi na la Zita. “Utamsindikiza wewe. Ukisikia jambo, uje uniambie.”

Basi mjini Zita akasimama chini ya dirisha la chumba cha usaili, sikio ukutani, mwanzo mpaka mwisho. Bibi akachukuliwa, akabaki huko huko kuanza mafunzo. Zita akarudi Runazi peke yake, moja kwa moja kwa balozi.

“Vipi?”

“Wamemchukua. Wamemuuliza kama anaogopa damu. Wamemuuliza mtoto akigoma kunywa dawa atafanyaje. Yote kwa Kiswahili.”

“Vizuri.”

“Vizuri nini, mzee? Kiingereza chote kile hawakumuuliza hata neno moja.” Zita akasogea karibu, akapunguza sauti. “Sasa alikuwa anajifunza cha nini?”