Foleni Mbele ya Meza ya Kaisari

Baba yangu ni katekista, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Kasulu. Tukikutana, ubishi wetu ni uleule. Mimi humwambia kwamba wasaliti wote wa vitabu ninavyovifundisha kidato cha nne, pamoja na mashujaa wanaomkatalia mtawala usoni, wamezaliwa kanisani, katika zile karne za mwanzo Wakristo walipokuwa wachache na serikali haiwataki. Yeye hunijibu kwamba basi fasihi imeiba na irudishe. Tulikuwa tunacheka. Tuliacha kucheka mwaka ule kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtendeli ilipokuwa inafungwa.

Wakati huo nilifundisha Kibondo na kuishi na wazazi katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo. Mabasi na malori yalipita kuelekea mpakani yakiwa na magodoro, ndoo na akina mama waliotazama mbele tu. Yakipita, sokoni watu walinyamaza, kisha wakaendelea kutajiana bei kwa sauti ya chini. Ilisemekana kambi ikishaisha watatafutwa waliojificha vijijini. Nani alianza kusema, hakuna aliyejua. Nyumbani kwetu tuliyasikia maneno hayo tukainamia sahani zetu, kwa sababu ya bibi.

Baba aliletwa Tanzania mgongoni kwa shangazi yake, akakulia hapa, akapewa uraia pamoja na wakimbizi wenzake wa zamani. Mama yake alibaki Burundi. Alivuka miaka mingi baadaye, mzee tayari, akaandikishwa kambini, na siku moja baba akampakia kwenye baiskeli akamleta nyumbani bila kibali. Majirani tuliwaambia ni mzee wetu wa Kasulu. Anayesema Kiha na anayesema Kirundi husikilizana bila shida, na bibi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo uongo wetu ulitembea vizuri. Ndio uongo pekee niliowahi kuuona karibu na baba, na hata huo alituachia sisi tuuseme.

Maana baba ni mkali, na zaidi kwa nafsi yake. Mwaka huo alikuwa akifundisha kigangoni habari za mateso ya Afrika ya Kaskazini: askari wa Kaisari walivyopita nyumba kwa nyumba wakidai vitabu vitakatifu, wengine wakafa navyo, wengine wakavitoa. Waliovitoa waliitwa wasaliti. Mateso yalipokwisha, waumini waligawanyika vibaya juu ya swali moja: aliyetoa, anaweza kurudi kukaa meza moja na mtu ambaye kaka yake aliuawa kwa kukataa? Kanisa liliamua kwamba anaweza. Baba aliufundisha uamuzi huo shingo upande. Tena kulikuwa na askofu aliyewapa askari vitabu vya wazushi badala ya vyenyewe, nao wakaondoka wameridhika. Vijana walimpigia makofi askofu huyo. Baba akagonga meza: "Huyo naye ametoa! Mnamshangilia nini?"

Mtendaji wa kijiji alihudhuria mafundisho hayo yote. Alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, mtu mpole, msalimiaji, na aliandika kila kitu kwa kalamu nyekundu. Siku moja aliuliza, "Kwa hiyo, katekista, kuna vitu serikali haiwezi kuvidai?" Baba akasema vipo, na kwamba mataifa makubwa yamejifunza kuwawekea watawala mpaka kutokana na watu wale wachache waliokataa. Mtendaji alishukuru, akaandika. Mimi nilikaa nyuma yake nikihesabu mistari ile myekundu, nikajiambia hofu yangu ni upuuzi.

Kimbelembele changu ndicho kilichotuponza. Niliomba tuigize kisa kile kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Nilitaka kiwachome watu, kwa hiyo nikaachana na mapanga na kofia za maboksi. Niliweka tu meza, kiti na daftari, na Kaisari wangu alidai majina badala ya vitabu. Dereva wa bodaboda aliyeigiza afisa wa Kaisari alivaa fulana ya kizibao kama zile za waandikishaji wa kambini, akapaza sauti: "Kila mmoja aje aseme jina lake na alikozaliwa!" Hapo waigizaji wangu walipaswa kusimama na kukataa, mmoja baada ya mwingine.

Walioinuka ni wazee waliokuja kutazama. Mabibi watatu, kisha babu mmoja, kisha wawili wengine. Waliacha viti vyao wakapanga foleni mbele ya meza, kimya, kila mmoja kashika fimbo yake, kama watu waliopanga foleni za namna hiyo nusu ya maisha yao. Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika. Bibi yangu alikuwa wa pili. Alisema jina lake lote kwa sauti, akasema, "Navukiye i Ruyigi," yaani kazaliwa Ruyigi, kule Burundi, kisha akanyoosha vidole vyote kumi juu ya meza akitafuta mashine ya alama za vidole. Yule dereva alichanganyikiwa, akafanya alichojua: akaandika. Nilitamani ardhi inimeze.

Mtendaji, kwenye kiti cha mgeni rasmi, hakujua Kirundi. Lakini aliona vidole.

Alikuja nyumbani siku ya pili yake, saa nne asubuhi, akakaa, akanywa uji. Akalisifu igizo. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mwalimu, lile daftari nitaliomba. La kumbukumbu tu." Nikadanganya kwamba liko shule. Akasema atapita kesho.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikwishaandika daftari jingine, majina yaleyale, bibi kazaliwa Kasulu. Nililiweka mbele ya baba. Nilimwambia asipolitoa hilo, mama yake atapanda basi. Alilitazama mpaka chai ikapoa. Mtendaji alipofika, baba alimpa kwa mkono wake mwenyewe.

Mtendaji alifungua, akasoma polepole. "Katekista," akasema huku akitabasamu, "hivi ni vyenyewe, au ni vile vya wazushi?"

"Ni vyenyewe," baba akasema.

Mtendaji hakurudi tena kulizungumzia. Ila tangu siku hiyo alimsalimia baba kwa muda mrefu zaidi kuliko watu wengine, akiwa amemshika mkono, na baba alisubiri aachiwe.

Jumapili iliyofuata baba alikaa benchi la mlangoni. Hakufundisha, hakupokea komunyo. Padre alimuungamisha, akamwambia amesamehewa, arudi mbele. Baba akamjibu, "Padre umesamehe. Mimi bado." Nilimkasirikia sana, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Jumapili ya tatu bibi aliniuliza, tukichambua maharage, mwanawe ana dhambi gani. Nilimwambia. Afadhali ningekufa ganzi ulimi. Alimaliza kuchambua maharage. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akatoa kadi ya kambi chini ya godoro, akaenda kwa mguu hadi ofisi ya kijiji, akajiandikisha kurudi kwa hiari. Mtendaji alimtolea kiti chake mwenyewe.

Baba alimfuata mbio. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu. Bibi akamshika kichwa akasema, "Mwananje, sasa huna tena uongo. Rudi mezani." Wiki hiyohiyo alipanda basi na godoro lake na ndoo moja.

Baba hakurudi mezani. Anasema sasa amefanya yote mawili, amedanganya, na mama yake ametolewa.

Nilipokwenda kuwasalimia wazazi mwezi uliopita, bibi alinipigia kutoka Burundi kwa simu ya kuazima, mtandao ukikatikakatika. Nilikuwa nje ya kanisa, misa inaendelea, na kupitia mlangoni nilimwona baba kwenye benchi lake, mikono magotini, watu wakimpita kwenda kupokea komunyo. Bibi hakuuliza hali wala mvua. Aliuliza kama mwanawe anapokea.

"Anapokea, nyogokuru," nikasema. "Kila Jumapili."

Nikamsikia akiwageukia watu aliokuwa nao kule, sauti imejaa furaha, akiwaambia kwamba mwanawe anapokea.