Uboho Niliosema Nimetoa

Niliondoka Johannesburg Jumatatu asubuhi kwa sababu mtu mmoja alikuwa amekataa kupanda ndege. Maisha yangu yote ya kazi nimetafiti saratani za damu na kupandikiza uboho, ule ulio ndani ya mifupa na unaotengeneza damu. Wodini kwetu alilazwa Régine, mwalimu kutoka Likasi, mji niliozaliwa. Dawa zilikuwa zimeutuliza ugonjwa wake kwa muda tu. Bila uboho wa kaka yake Donatien, ambao vipimo vilionyesha unamfaa, ugonjwa ungerudi na kummaliza. Donatien alikuwa na viza na tiketi, kisha akasema kwa simu kwamba haji. Nikajigamba mbele ya wenzangu: huyo ni mtu wa kwetu, niachieni mimi.

Lubumbashi nilikodi gari na dereva. Barabara ya Likasi ilijaa malori ya shaba, tukatambaa nyuma yake hadi jioni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nikijiona hodari.

Jumanne, mtaa wa Kikula, Likasi. Mama yake Régine alinipokea kwa bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa mto Lufira. Donatien alikuwa amekuja kutoka Kambove anakochimba mawe. Jamaa mpole, kifua kipana, lakini akakiri kwamba anaiogopa sindano. Nilimweleza yote kama ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa siku zote. Haiumi sana, nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye mwenyewe, docteur, ulishaka kutoa yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Mara moja. Kwa muntu mwenye sikumujua."

Mama akashuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele yangu na kupiga makofi ya polepole, kama wanawake wa kwetu wanavyomshukuru mkubwa.

"Aksanti, mwana wangu. Ulisaidia muntu hata haukumujua."

Mwanamke wa umri wa mama yangu! Nilipaswa kumwinua palepale. Nilikaa, nikapokea.

"Basi, nitaenda," Donatien akasema.

Jumatano asubuhi tuliondoka naye. Hatujafika Lwambo akaanza kuuliza. "Siku ile balikutoboa, ulisikia je? Ulilala siku ngapi?" Alitaka kujua kila kitu, maana woga ulikuwa haujamtoka. Nikabuni jibu la kwanza, nikabuni la pili. Ukweli ni kwamba miaka mingi nyuma niliitwa kweli kumtolea mgonjwa nisiyemjua, nikajibu kuwa nina mkutano. Sikuwa na mkutano wowote. Niliiogopa sindano ile ile ninayowasihi wengine waikubali, na sikuuliza kamwe yule mgonjwa aliishia wapi.

Nilijua nikisema, Régine anaweza kufa. Nilijua pia kwamba mtu huyu anakwenda kulala juu ya kitanda cha upasuaji akiutegemea uongo wangu. Nikasema yote, hata ule mkutano.



"Turudie Likasi," Donatien akamwambia dereva. Kisha akanigeukia. "Utaambia mama weye mwenyewe."

Nilimwambia mama nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikuthubutu kuketi.

"Kumbe nilikupigia magoti ya bure," akasema.

Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana! Nimezika wagonjwa wengi na nimeulizwa maswali magumu na watoto wao, lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

Donatien akashusha begi lake garini. Nikaona Régine amekwisha, na mimi ndiye niliyemmaliza.

"Régine ni dada yangu," akasema. "Nitaenda, na bus ya kesho mpaka Lubumbashi, kisha na ndege. Lakini pamoja na weye, hapana."

Nilirudi Lubumbashi peke yangu, kisha Johannesburg. Nilikuwa nimekwenda Likasi kumtia mtu moyo, nikajifunza kwamba moyo alikuwa nao wa kunizidi. Alichoniomba ni ukweli, na huo ndio niliomnyima.

Ijumaa alifika hospitalini, akaomba aelezwe na mtu mwingine. Wakampa muuguzi aliyewahi kutoa uboho wake, na huyo akamwambia pale panapouma na kwa siku ngapi. Donatien akatia sahihi. Niliyasikia hayo baadaye kwa muuguzi, kwa sababu Donatien alikuwa ameomba mimi nisubiri nje.