Bastola ya Ssemakula Bado Iko Kiwandani

Erukana Ssemakula tulimwogopa bure. Alikuwa mpole mno, wa kumfungulia nzi dirisha badala ya kumpiga. Lakini alikuwa na bastola, na kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki tulioishi Jordbro, pembezoni mwa Stockholm, mwaka themanini na nne, hilo lilitosha.

Wa kwanza kuacha kumwalika alikuwa Mukasa, Mganda mwenzake waliyetoroka naye Kampala. Alimwambia mbele yetu, baada ya ibada ya Jumapili, "Ssebo, sisi tulikimbia bunduki. Wewe unaenda kununua ingine?" Ssemakula akaeleza kwamba ni ya shabaha tu, ina leseni, na risasi zake ni ndogo kama punje za mahindi. Mukasa akatikisa kichwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wengine tukamfuata Mukasa kama kondoo. Hakuna aliyegombana na Ssemakula. Tuliacha tu kugonga mlango wake.

Na tungemuuliza, tungejua. Kampala alikuwa karani wa polisi, akapata sifa katika timu yao ya kulenga shabaha. Alipofika Stockholm kila kitu ilibidi akianze upya: lugha, viatu vya theluji, hata namna ya kukata mkate. Shabaha peke yake ndiyo iliyokuwa ile ile, karatasi yenye duara jeusi katikati. Kila Jumanne, akitoka kwenye ghala alikokuwa akipakia vipuri, alikwenda kwenye klabu ya shabaha iliyokuwa katika chumba cha chini cha shule moja, akalenga pamoja na Waswidi. Walikunywa kahawa, wakasema asante kwa jioni hii, kila mmoja akaingia kwenye gari lake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya wiki nzima.

Majira ya joto bastola ikaanza ukorofi. Ukipiga risasi, ganda lake linabaki limenasa ndani, mpaka ulichokoe kwa kijiti. Ilikuwa mpya, waranti ya kiwanda bado inasimama, kwa hiyo akaipeleka mjini kwenye duka alilonunua. Kijana wa kaunta akaipokea na kusema itapelekwa kiwandani Italia bure kabisa. Atapigiwa simu.

Simu ya Ssemakula ilikuwa imekaa ukutani kama picha. Ilipolia, alidhani wamekosea namba.

"Naitwa Maj-Britt, napiga kutoka duka la silaha," sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema. "Bastola yako imefika kiwandani."

Sasa, Mswidi angejibu "vizuri, asante" na kukata. Lakini Ssemakula ni mtoto wa Buganda. Amelelewa kwamba shughuli haianzi mpaka watu wamejuliana hali, na asiyesalimia ni mgonjwa au ana ugomvi nawe.

"Asante sana, Mama Maj-Britt. Umeshindaje? Nyumbani hawajambo?"

Upande wa pili karatasi zikaacha kuchakarika. Akadhani laini imekatika.

"Nyumbani," yule mama akasema polepole, "niko mimi na paka."

"Na paka hajambo?"

"Ha... hajambo. Anazeeka."

"Na wewe mwenyewe? Kazi inakwendaje?"

"Goti linanisumbua," akasema, kisha akakata haraka.

Ssemakula akabaki ameshika simu huku akicheka peke yake. Siku nyingi hakuwa amecheka nyumbani mwake.

Yule mama akapiga tena. Kiwanda kimefungwa Agosti yote, Waitaliano wako likizo, anasikitika sana. Ssemakula akamwambia asisikitike, goti je? Safari hii alijibu bila kusita. Akapiga tena kusema kipuri walicholeta sicho, wanasubiri kingine, na kwamba daktari amemkataza ngazi, na paka amekataa chakula cha kopo. "Kwa nini unaniita mama?" akamuuliza siku moja. "Mimi sina mtoto." Ssemakula akamjibu kwamba kwao mtu mzima haitwi jina tupu, ni kukosa adabu. Yule mama akasema, basi endelea.

Kawia ufike, wahenga wamesema. Ssemakula alitaka ikawie, na kufika hakukumhusu tena. Aliacha hata kwenda klabu ili simu isilie akiwa nje. Akahamishia kiti karibu nayo, akiomba Mungu Italia yote ipotelewe na kipuri.

Mungu hakusikia. Oktoba bastola ikarudi.

Alivaa koti lake zuri kwenda kuichukua. Akachukua namba ya foleni, akasubiri. Mama Maj-Britt alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na nyuma ya Ssemakula walisimama wawindaji wenye haraka. Yule mama akamwonyesha kipuri kipya, akamrudishia leseni yake. "Basi," akasema bila kumtazama sana, "sasa umepona usumbufu wa simu zangu."

"Ndiyo," akajibu Ssemakula, akachukua bastola yake, akampisha mwindaji wa nyuma.

Jumanne ile maganda yaliruka vizuri yote. Alipata matokeo ambayo hajawahi kuyapata tangu Kampala. Mswidi aliyelenga kando yake akatazama karatasi yake, akasema "safi", akaenda kwenye gari lake. Ssemakula akarudi na karatasi nyumbani, na hakukuwa na wa kumwonyesha. Iliuma. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba upweke wa siku zile ulimuuma zaidi ya ule wa mwanzo, kwa sababu sasa alijua simu yake inaweza kulia.

Siku ya tatu alipotoka kazini aliweka bastola mezani, akaifungua, akachukua koleo. Kile kipuri kipya kilikuwa chembamba. Ukikipinda kidogo tu, ganda litanasa tena, na waranti bado ina miezi. Nani angejua? Akakibana kwa koleo. Akakitazama, kisha akajitazama yeye mwenyewe aliyeshika koleo.

Akaliweka chini kabla hajakipinda, akapiga simu dukani.

"Ssemakula!" Mama Maj-Britt akasema. "Imeharibika tena?"

"Hapana, Mama. Ni nzima. Nimepiga kukuuliza goti."

Nyuma yake kengele ya mlango wa duka ililia, mteja akaingia, akakohoa. Ssemakula akafumba macho akisubiri akatiwe simu.

"Subiri," Mama Maj-Britt akasema, "nivute kiti."