Kilti Haikunjwi Mara Nne

Nakumbuka asubuhi moja kuliko asubuhi zote za maisha yangu, mwanangu, na si ya harusi yangu wala ya kuzaa mtoto wangu wa kwanza. Ni ile asubuhi baba yangu alipofika kwangu Oli, mtaa wa hapa Arua, bila kutuma salamu, akasimama mbele ya kabati langu na kusema, "Zena, fungua." Juzi uliponitembelea uliniuliza kwa nini nguo zangu zote nimezibana upande mmoja wa kabati, na upande wa pili nimeuachia nguo moja tu. Nikakutania kwamba ile ni nguo ya mgeni. Leo nakujibu sawasawa, maana nyumba hii imekuwa kimya mno, na mtu wa kuzungumza naye simpati kila siku.

Nguo ile ni kilti. Usicheke kwanza. Watu wa Oli waliiita sketi ya bendi, na baba yangu alitaniwa sana kwamba amevaa ya mke wake. Lakini ilikuwa nguo ya kazi. Baba alikuwa mpiga zumari jeshini, lile zumari lenye mfuko unaobanwa kwapani, na wapigaji wote walivaa kilti siku za gwaride. Sufu nzito, yadi saba au nane, nyekundu na kijani kibichi, mbele bapa na nyuma marinda matupu. Kushoto kwake katika mstari alisimama rafiki yake Yakobo, mtu wa kijiji cha Dranya, upande wa Koboko. Baba Mwislamu, Yakobo Mkristo, na walikuwa wakivuta pumzi pamoja kwa miaka kumi na zaidi.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ya wanajeshi ilipoanguka, kuitwa mtu wa familia ya askari ilikuwa hatari. Tulivuka mpaka kwenda Zaire na tulivyoweza kubeba. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na mzigo niliopewa ulikuwa kilti. Zumari la baba panya walilitafuna mfuko hukohuko ugenini. Kilti ya Yakobo ilichukuliwa na maji tulipokuwa tunavuka mto. Kwa hiyo katika bendi nzima waliyoijua wale wazee wawili, ilibaki nguo moja, na ilikuwa mgongoni mwangu.

Siku moja huko ukimbizini nilikuwa nawamiminia chai, nikamsikia Yakobo akisema kwa Kiswahili chao cha jeshini, "Mimi nikitangulia kufa, wewe nakuja na kilti yako. Nasimama kwa kaburi yangu, upande ya miguu, wakati ya wimbo moja. Zumari hapana iko, basi nasimama tu. Mimi naona."

"Mimi nasimama," baba akajibu. "Na mimi nikitangulia?"

"Mimi nakuja na suruali. Utasamehe mimi."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilikuwa kijana, nikaona ni mazungumzo ya wazee waliokosa kazi. Sikujua kwamba nimeshuhudia ahadi, na ahadi ni deni.

Tuliporudi nyumbani baba alijenga Koboko, nyumba ya nyasi, na mchwa wa kule hawana adabu kwa nguo ya mtu. Mimi nilikuwa nimeolewa Arua, nina chumba cha saruji na kabati jipya la mvule. Akaniletea kilti, akaitundika kwa mkono wake mwenyewe. Akanionyesha ule uzi mweupe aliopigia bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, uliopita juu ya marinda yote yasihame. "Kilti hapana kunja," akaniambia. "Iko amana kwako." Nikaitikia, ndiyo Baba, kama mtu anavyoitikia akiwa na mawazo sokoni.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule mzigo mimi niliuona mwepesi hivyo hivyo. Nilianza kuuza vitenge, biashara ikakua, kabati likajaa. Kila nikilifungua naiona kilti imejitanua peke yake kama bwana mkubwa, na mali yangu iko sakafuni. Siku moja mteja alikuja na upindo umefumuka, uzi mweupe umeniishia. Nikauvuta ule wa bandi, mrefu mzuri, nikamshonea. Wiki ile ile nikaishusha kilti, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini kabisa na juu yake nikapanga vitenge mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Nilijiambia nitaitengeneza nikipata nafasi. Mwanangu, nafasi haipatikani, hutengwa, na mimi sikuitenga kwa miaka minne.

Kila baba alipokuja Arua aliniuliza, "Kilti iko?"

"Iko, Baba. Kwa kabati."

Na hakufungua kuangalia, kwa sababu kwetu kabati la mwanamke halifunguliwi na mwanamume, hata awe baba. Aliridhika na neno langu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikusema uongo hata mara moja na bado nilimdanganya.

Basi asubuhi ile akaja. Nilimwona macho yake mekundu. "Yakobo nakufa jana," akasema. "Nazika yeye leo, saa tisa. Gari ya Koboko naondoka sasa hivi. Fungua."

Nilianza kutoa vitenge, na kadiri nilivyotoa ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Kilti ilitoka bapa na ngumu, ina harufu ya unyevu. Mkunjo mmoja ulikuwa umekata marinda yote katikati, na nondo wamekula matundu matatu pembeni. Baba aliishika kiunoni, akaiinua kwenye mwanga. Marinda yakafunguka ovyo, mistari myekundu ikaachana na wenzake.

"Uzi iko wapi?"

"Nilitoa, Baba."

Nilingoja makofi. Ningeyapenda makofi. Akaketi kwenye mkeka tu na kusema, "Washa pasi." Nikawasha mkaa. Akaanza kupanga rinda moja moja kwa vidole, mstari ukutane na mstari, kwa maana kilti ikikaa vizuri ukiitazama nyuma utadhani kitambaa hakijakunjwa kabisa. Mimi nikaweka kitambaa chenye maji, nikabana pasi, nikainua, sikuthubutu kuivuta. Yeye akapiga bandi upya. Marinda ishirini na saba, naijua idadi yake kama ya watoto wangu. Gari la Koboko tulilisikia likipiga honi stendi, kisha tukasikia limeondoka. Hakuinua kichwa.

Tulipata lori la tumbaku jua limeshapita utosini. Baba alikaa juu ya magunia, kilti kwenye hanga, mkono umeinuliwa isiguse kitu, njia nzima mpaka Koboko na kutoka Koboko mpaka Dranya. Nilimwambia, "Baba, nipe nikupokee." Akasema, "Hapana. Mimi nashika mwenyewe."

Tulifika watu wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na msalaba umesimama. Baba akavaa nyuma ya ghala, akachomoa uzi wa bandi, akatoka mbele za watu na miguu yake myembamba ya uzee. Watoto wawili wakacheka, mtu akawafukuza. Akaenda mpaka miguuni pa kaburi, akasimama wima. Zumari hakuwa nalo, lakini vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga matundu yasiyokuwepo, polepole, wimbo mzima. Hapakuwa na mtu hata mmoja pale aliyeujua ule wimbo. Aliyeujua alikuwa chini. Sijawahi kumwona binadamu aliye peke yake namna ile, na alikuwa katikati ya watu.

Alipomaliza, mjane akamkaribia, Mama Keji, akamshika mkono. "Sisi nangoja," akasema. "Mimi naambia padri, ngoja, iko mutu moja nakuja na nguo yake. Padri nangoja, nangoja, halafu nasema jua naenda."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilifungua kinywa nikiri, baba akanitangulia.

"Gari nachelewa," akasema. "Samehe mimi, mama. Iko gari."

Hakunitazama. Alinifunika mbele ya wageni, akaubeba mwenyewe ule ubaya wangu kwa neno moja. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mjukuu wangu huyo ananijia kila nikisikia honi stendi.

Kesho yake, tuliporudi Oli, ndipo aliponifundisha, na hivi ndivyo nakufundisha wewe. Kilti ikivuliwa haiingii kabatini siku hiyo hiyo na jasho lake. Ipigwe brashi, ipunge upepo kivulini, si juani, jua litakula nyekundu yake. Piga bandi juu ya marinda, mishono mirefu, karibu na upindo. Itundike kwa kiuno, kamwe si kwa upindo, kwa sababu uzito utayafungua marinda. Hanga iwe ya mbao, pana, yenye vibanio viwili na kimoja cha katikati, waya itapinda. Iachie nafasi ya ngumi moja huku na ngumi moja huku, usiifunge kwa nailoni ikakosa pumzi. Nondo wafukuze kwa majani makavu ya mwarobaini na tumbaku kidogo, ndani ya kifuko, visiiguse sufu. Ukisafiri, iviringishe kwa urefu wake mpaka iwe nyembamba, uitie ndani ya soksi ndefu. Na kila mwezi fungua uitazame.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Alizikwa kwa sanda yake nyeupe kama Mwislamu yeyote, na wa kumsimamia hakuwepo, alikuwa ametangulia Dranya. Kwetu Waislamu, wanawake hatuendi makaburini. Jeneza lilipotoka, nilikwenda kabatini, nikaitoa kilti, nikasimama mlangoni nimeishika kwa kiuno, mikono juu, wakati wa wimbo mmoja. Marinda yote ishirini na saba yalikuwa yamenyooka. Nilichelewa kwa Yakobo. Kwa baba nilikuwa tayari.

Sasa mume wangu hayupo, watoto wako mbali, na hii nguo ndiyo mwenzangu wa kila mwezi. Naipiga brashi, naongea nayo, nacheka peke yangu. Nikiondoka, ndugu zako watagombania mbao za kabati. Waachie. Wewe chukua kilti.

Na haya uyashike, mwanangu. Amana hailindwi kwa kufichwa chini ya mali yako, inalindwa kwa kutazamwa. Mtu akikuuliza kama kitu chake kipo, usimjibu kabla hujafungua mlango ukaona kiko namna gani. Na kitu cha siku moja tu kinataka kutunzwa siku zote, kwa sababu siku hiyo haitakungoja uwashe pasi.

Mungu akukute tayari siku ya mwenzako, na siku yako akupe mtu wa kukusimamia. Amina.