Mti wa Mshazari

Kwetu milimani, juu ya Same, darasa hujengwa kwa msaragambo: siku ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu, na mwenye mti wa kujengea jukwaa la mafundi anaubeba aje nao. Mti unabaki wa mwenyewe. Anautia alama ya panga, na kazi ikiisha anarudi nao nyumbani. Kazi inahesabika imeisha lini, sijawahi kusikia mtu akiuliza. Naandika haya nimekasirika na sitajifanya nimepoa.

Kaka yangu ni fundi mwashi. Kule mjini alikofanya kazi alikuwa hakanyagi jukwaa kabla hajatikisa kila nguzo, na sisi nyumbani tulimtania kwa hilo miaka mingi. Jumamosi ile alipanda huku milimani kutusaidia kumalizia ukuta wa juu. Alipoanza kutikisa nguzo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akamwambia watu wanasubiri na saruji inakauka. Na mimi, ndoo ya maji kichwani, nikasema mbele ya watu wote, "Kaka, hii miti ni ya baba zako, unaikagua kama ya wezi?" Watu wakacheka. Akacheka na yeye, akapanda.

Alikuwa anapokea karai la pili jukwaa lilipolala upande, taratibu kabisa. Aliangukia rundo la mawe, nyonga ikavunjika. Tulimbeba kwa machela hadi lilipokuwa gari, na njia nzima ya kushukia hospitali alikuwa ameng'ata kola ya shati lake ili asipige kelele.

Kila aliyekuja kutoa pole alisema ni mipango ya Mungu. Mipango gani? Mungu hakuja pale kufungua kamba. Kamati nayo ikasema tusitafutane mchawi. Nikaenda shuleni peke yangu. Upande uliolala, kamba za mgomba zilikuwa zinaning'inia hazijashika kitu. Mti uliokaa mshazari, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine, haukuwepo. Niliukuta si mbali, shambani kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, umeegemeza mgomba wenye mkungu mkubwa. Ulikuwa bado na matone ya saruji.

"Shikamoo, baba mdogo. Mti huu si wa jukwaani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wangu, ona alama. Niliuchukua Jumanne, kabla ya ile Jumamosi, mgomba ulikuwa unalala."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, na mti ni wangu? Halafu ule ulikaa mshazari tu. Haukuwa umebeba kitu."

Alisema bila ubaya wowote, na ndicho kilichonichoma. Mtu mbaya ningemtukana nikalala. Huyu ndiye aliyetulea baba alipofariki, na bado hakuona kwamba mti ule ndio uliozuia zile nguzo zote zisilale.

Kaka aliletwa nyumbani na magongo mawili. Daktari alishamwambia asahau kupanda jukwaa. Ni mtu asiyejua kazi nyingine, na kutwa nzima alikaa mlangoni akitazama mikono yake. Siku moja baba mdogo akaja kumwona, mkungu wa ndizi begani. Niliutambua kabla hajautua. Kaka akanikonyeza nipokee, nikapokea kwa mikono miwili, ulimi nimeubana kwa meno.

Kaka alishukuru vizuri, kama tulivyofundishwa. Kisha akauliza, "Baba mdogo, ule mti umeurudisha? Jukwaa limesimamishwa tena, na Jumamosi anapanda fundi mwingine."

"Bado, mwanangu. Kuna mgomba mwingine umeanza kuinama."

Kaka aliinamisha kichwa. Mimi niliuweka mkungu chini, nikachukua panga nyuma ya mlango na kamba ya katani, nikatoka bila kuaga. Baba mdogo aliniita mara mbili. Nilikwenda moja kwa moja shambani kwake, nikaung'oa ule mti, nikauacha mgomba wake ulale unavyotaka, nikaubeba begani hadi shuleni. Kabla ya kuufunga mahali pake, niliichonga alama yake kwa panga mpaka ikatoka yote.